Wadudu Njiani: Somo kwa Waendesha Baiskeli wa Bujumbura na Kandokando Yake



Somo hili ni la wale wanaotafuta chakula cha familia kwa baiskeli. Wengine mnabeba makaa, ndizi au matofali. Wengine mnabeba abiria kutoka Kamenge, Kinama na Buterere. Wengine mnakwenda Gatumba kutafuta samaki, au Gihanga kutafuta mchele wa kuuza. Wako pia walio kambini ambao baiskeli moja inatumiwa na nyumba tatu, kwa maji, kuni na soko. Iwe inaitwa baiskeli au kinga, kazi ni ile ile.

Tumezoea kuzungumza juu ya ajali za magari, na ni sawa. Lakini mwendesha baiskeli ana adui wengine ambao hawapigi honi. Hao ni wadudu.

Mwisho wa somo hili msomaji ataweza:
- kutofautisha mdudu anayesumbua na mdudu anayeleta ugonjwa;
- kujilinda njiani bila gharama kubwa;
- kutoa huduma ya kwanza kwa jicho, sikio na miiba ya nyuki;
- kujua wakati wa kukimbilia kituo cha afya.

1. WADUDU WA AINA MBILI

Ukimuuliza mwendesha baiskeli ni wadudu gani wanaomsumbua, atakutajia wale wanaompiga usoni. Jioni, karibu na ziwa au mashamba ya mpunga, vidudu vidogo vinasimama hewani kama nguzo ya moshi. Ukipita katikati yao wanaingia machoni, puani na kinywani. Baada ya mvua za kwanza kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kufuata kila taa, hata ile ya baiskeli.

Hao wanaudhi, lakini wengi wao hawaumi. Vidudu vinavyoruka kama nguzo karibu na maji ni madume wanaongoja majike. Hawana haja na damu yako. Kumbikumbi ni chakula, na watoto wanawakimbilia kwa furaha. Hatari ya wadudu wa namna hii ni moja tu: wanakufumba macho wakati baiskeli inakimbia.

Aina ya pili ni mdudu anayeuma. Huyu hakutafuti ukiwa katika mwendo. Mbu ni mdudu dhaifu wa kuruka, na hawezi kushindana na baiskeli inayokwenda. Anakungoja usimame. Unaposimama kupumzika, kuziba mpira uliotoboka, kungoja mwenzako au kunywa kikombe cha chai, hapo ndipo anakupata. Wala hutasikia uchungu mkubwa. Utajikuna mara moja na kusahau.

Kwa hiyo tukumbuke neno hili, maana somo lote limejengwa juu yake: mdudu anayekuangusha unamwona, mdudu anayekuua humwoni. Wa kwanza tujilinde naye tukiwa katika mwendo. Wa pili tujilinde naye tukiwa tumesimama.

2. MBU ANAKUJUAJE?

Mbu anayeuma ni jike peke yake. Anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Anamtafuta mtu kwa mambo matatu: pumzi tunayotoa, joto la mwili, na harufu ya jasho, hasa ya miguu.

Sasa mfikirie mwendesha baiskeli aliyesukuma gunia la makaa mlimani. Anahema sana, mwili una moto, shati limelowa, miguu iko wazi. Akikaa kando ya njia wakati wa magharibi ni kama amewasha taa na kuwaita mbu wote waje.

Mbu wa malaria, anayeitwa anofelesi, huuma tangu giza linapoingia mpaka alfajiri, na zaidi usiku ukiwa mkubwa. Hapo tunaona tatizo letu. Wengi wenu mnaondoka milimani saa nane au saa tisa za usiku ili makaa na ndizi vifike sokoni mapema. Wengine mnarudi nyumbani baada ya saa moja jioni. Saa hizo ni za mbu.

Wako pia mbu wanaouma mchana, wenye madoa meupe miguuni. Hao hawaleti malaria, lakini wanaweza kuleta magonjwa mengine ya homa. Huzaliwa katika maji yaliyokaa ndani ya makopo, mitungi na matairi ya zamani. Kila fundi wa baiskeli atazame nyuma ya kibanda chake.

3. NJIA ZETU NA HATARI ZAKE

Njia ya Gatumba. Hii inavuka Mto Rusizi karibu na Ziwa Tanganyika, kuelekea mpaka wa Kongo na Uvira. Mwaka 2020 Rusizi ilifurika ikaingia katika nyumba za Gatumba, na katika miaka iliyofuata maji ya ziwa yalipanda. Maji yanapoondoka huacha madimbwi, na madimbwi yenye jua ndiyo anayopenda anofelesi. Ukitoboka tairi hapa jioni, usikae kando ya dimbwi. Sukuma mpaka penye upepo au penye nyumba, halafu tengeneza.

Njia ya Gihanga na Rugombo. Huu ni uwanda wa Imbo, nchi ya mpunga. Mpunga unataka maji yaliyotulia, na mbu vilevile. Jua pia kwamba wengi waliovuka Rusizi mwezi Februari 2025 kutoka Kivu ya Kusini walipokelewa Rugombo, na wengine walilala uwanjani bila chandarua. Mtu aliyekimbia usiku na mvua, akalala nje, asishangae homa ikimjia siku kumi au kumi na nne baadaye. Baada ya kuumwa na mbu, malaria hukaa mwilini siku saba au zaidi kabla ya kuonekana, na mara nyingine mwezi mzima.

Njia ya Bugarama. Bugarama iko juu ya mita 2,000. Bujumbura iko karibu mita 800. Mwendesha baiskeli anashuka mteremko huo wote na mzigo mzito, na breki zake mara nyingi ni kiatu chake. Hapa hatari kubwa ni mdudu wa jicho. Katika mteremko, ukifumba macho kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, umekwisha kupita kona. Na wale wanaojishikiza nyuma ya lori kupanda mlima wajue wanashika usukani kwa mkono mmoja tu. Mdudu akiingia jichoni, mkono upi utamtoa? Tumewazika vijana wengi katika njia hii. Tunawasihi mwache desturi hiyo.

Watu wa milimani wana jambo lingine la kujua. Kule juu mbu ni wachache, na mwili haujazoea malaria. Ukishuka Imbo kufanya kazi, homa inaweza kukuchukua kwa nguvu kuliko mwenyeji wa huku. Lakini msifikiri kuwa mlimani malaria haifiki. Mwaka 2000 na 2001 ilipanda mpaka Kayanza, Ngozi, Karuzi na Muyinga, na katika nchi nzima wagonjwa walioandikwa walizidi milioni tatu. Mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza tena kwamba malaria imekuwa janga. Kambi za Musasa na Kinama ziko katika sehemu hizo za juu. Malaria haiheshimu mlima.

Katikati ya jiji. Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria zilikatazwa kuingia katikati ya Bujumbura. Kazi nyingi zilihamia pembezoni, na pembezoni ndiko yaliko mitaro, mashimo ya matofali na mashamba. Tunalitaja jambo hili ili mwendesha baiskeli ajue kwamba mahali anapongojea abiria siku hizi pana mbu kuliko pale pa zamani.

4. KABLA YA KUONDOKA

Vitu vinavyohitajika ni vichache:

a) Shati la mikono mirefu na suruali ndefu. Wengi husema, "Nitasikia joto." Ni kweli. Basi kunja mikono unapopanda mlima, na uishushe unapopumzika. Usifanye kinyume chake, yaani kuvua shati unapopumzika.

b) Soksi. Mbu wa malaria anapenda kuuma chini, miguuni na vifundoni. Soksi nzito au kitambaa kilichofungwa vifundoni kinasaidia sana.

c) Miwani. Si lazima iwe ya gharama. Miwani myepesi isiyo na rangi inazuia wadudu na vumbi. Miwani myeusi usiivae magharibi wala usiku, maana itakuficha shimo.

d) Kofia yenye ukingo na kitambaa cha kufunika pua na mdomo unapopita penye makundi ya wadudu.

e) Chupa ya maji safi. Nusu ni ya kunywa, nusu ni ya kuosha jicho.

f) Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, kwa anayeipata. Zilizothibitishwa zina DEET au ikaridini; soma jina hilo kwenye chupa. Paka miguuni, mikononi na shingoni, usipake machoni wala penye kidonda. Jasho huiondoa, kwa hiyo ipakwe tena unapofika.

Tahadhari: usijipake petroli, mafuta ya taa wala dawa ya kuulia wadudu wa pamba au mboga. Dawa ya shambani hupenya ngozi na kuingia katika damu.

5. UNAPOKUWA KATIKA MWENDO

Ukiona kundi la wadudu mbele, usiongeze mwendo ili umalize upesi. Punguza. Inamisha kichwa kidogo ili ukingo wa kofia ukukinge, funga mdomo, pumua kwa pua kupitia kitambaa, na utazame njia. Mikono yote miwili ibaki kwenye usukani. Mtu anayeachia usukani ili ajipige shavu hupoteza baiskeli kwa ajili ya mdudu ambaye hata haumi.

Ukiwa na taa, ielekeze chini kwenye njia, si mbele juu. Wadudu hufuata mwanga, na taa iliyoinuka huwaleta usoni. Taa usiizime, maana dereva wa lori hakuoni bila hiyo.

Mdudu akiingia jichoni:
- Simama kwanza. Toka barabarani kabisa.
- Usisugue. Kusugua humponda mdudu na kukwaruza jicho.
- Pepesa macho mara nyingi ili machozi yamtoe.
- Kama bado yumo, nawa mikono, inamisha kichwa upande wa jicho lenye mdudu, na mwenzako amimine maji safi polepole kutoka upande wa pua kwenda nje.
- Usitie mkojo, maziwa wala majani. Jicho likibaki jekundu, likiuma au likiona ukungu mpaka kesho yake, nenda ukapimwe.

Mdudu akiingia sikioni: laza kichwa upande, sikio lenye mdudu juu, utie matone machache ya mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu. Mdudu atakufa na mara nyingi atatoka na mafuta. Usifanye hivyo kama sikio linatoka usaha au lilitoboka zamani. Na tafadhali, usichokoe kwa kijiti wala kwa spoku ya gurudumu.

Ukimeza mdudu mdogo, usihangaike. Kohoa, kunywa maji, endelea na safari.

6. NYUKI

Nyuki wetu ni wakali, na mizinga ya miti iko sehemu nyingi za milimani. Kundi lililotulia kwenye tawi kwa kawaida halina vita, linatafuta makao. Pita mbali, bila kelele, na usiruhusu watoto kulirushia mawe.

Wakianza kukushambulia:
- Usipigane nao. Nyuki anayeuma huacha harufu inayowaita wenzake, na anayepondwa vilevile.
- Kama huna mzigo na njia ni wazi, endesha kwa nguvu uondoke. Kama una gunia, liache na baiskeli uiache, ukimbie. Gunia lina bei, uhai hauna.
- Funika uso kwa shati au kitenge, ukiacha nafasi ndogo ya kuona.
- Ingia ndani ya nyumba au gari, ufunge mlango. Usijitupe mtoni wala ziwani: nyuki huweza kukungoja juu ya maji, na katika Rusizi mna viboko na mamba.

Ukiwa salama, ondoa miiba upesi, kwa ukucha au ukingo wa kadi. Cha maana ni kuharakisha, kwa sababu mwiba unaendelea kusukuma sumu. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi.

Mtu apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kwa lori, kama anapumua kwa shida, uso au ulimi unavimba, anatapika, anazimia, ameumwa ndani ya kinywa, au ameumwa mara nyingi sana. Usingoje kuona itakuwaje.

7. WENGINE WAWILI WA KUWAJUA

Nzi wa Nairobi. Ni kidudu chembamba, urefu wake kama punje ya mchele, mwili una rangi nyekundu na nyeusi. Huongezeka baada ya mvua nyingi; Kenya walisumbuliwa sana naye baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Hufuata taa usiku na kumwangukia mtu shingoni. Haumi wala hadungi. Sumu yake iko ndani ya mwili wake, na ukimponda kwenye ngozi, siku ya pili utaona malengelenge kama ya moto. Basi usimpige. Mpulize atoke, au mwondoe kwa karatasi, kisha uoshe mahali hapo kwa sabuni. Mkono uliomshika usiguse jicho.

Ndorobo, wengine humwita mbung'o. Mjini Bujumbura huna haja ya kumhofu. Lakini wapo kati yetu waliopita misitu ya Kigoma au sehemu fulani za Kongo, na huko yupo. Huyu ni tofauti na mbu: huuma mchana, hupenya nguo nyepesi, na huvutwa na kitu kinachotembea, hata gari au baiskeli. Hupenda rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Njiani kwake vaa nguo nzito za rangi ya udongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu wengi kandokando ya Ziwa Tanganyika. Leo ina dawa. Aliyepita huko, akawa na homa inayokuja na kurudi, kichwa kinauma, tezi za shingo zimevimba, na anasinzia mchana, amweleze muganga alikopita. Asipoeleza, muganga hatajua kutafuta.

8. HOMA SI UCHOVU

Hapa ndipo penye uzito wa somo. Mazungumzo haya ni mfano wa kufundishia, lakini kila muuguzi ameyasikia.

Muuguzi: Karibu, kaka. Unaumwa nini?

Mgonjwa: Mama muganga, ni uchovu tu. Nimepandisha mzigo Jumatatu. Tangu siku hiyo viungo vinauma, kichwa kinauma, usiku natetemeka.

Muuguzi: Leo ni Alhamisi. Siku zote hizo ulikuwa wapi?

Mgonjwa: Nilikuwa kazini, mama. Nisipoendesha, watoto hawali. Nilinunua vidonge viwili sokoni, nikapata nafuu kidogo.

Muuguzi: Vidonge gani?

Mgonjwa: Vile vyeupe.

Muuguzi: Vidonge vyeupe ni vingi, kaka. Tukupime damu kwanza. Na nyumbani, nani mwingine ana joto?

Mgonjwa: Mtoto mdogo. Tangu jana hanyonyi vizuri.

Muuguzi: Mbona hukuja naye?

Mgonjwa: Mimi ndiye mwenye baiskeli, mama. Mimi nikilala, nani angemleta?

Tuutazame mfano huu vizuri. Makosa ni manne.

La kwanza: mwendesha baiskeli ameuzoea uchovu, akaita homa uchovu. Uchovu wa kazi hupungua ukilala. Hautetemeshi mtu, wala hauleti joto usiku. Ukiwa na joto la mwili, kapimwe siku hiyo hiyo, au usizidishe saa 24.

La pili: vidonge vya rejareja. Nusu ya dozi hutuliza homa bila kuua vijidudu vyote, na ugonjwa unarudi. Dawa ya malaria hutolewa baada ya kipimo, na humalizwa yote hata kama umepona siku ya pili.

La tatu: alisahau mtoto. Baba akichelewa kurudi, mama na watoto humngoja nje mlangoni mpaka usiku, na mbu wanakula. Watoto walio chini ya miaka mitano na wanawake wajawazito ndio malaria inaowaua upesi. Kumbuka kwamba nchini Burundi, tangu mwaka 2006, serikali iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa kina mama wanaojifungua. Ukosefu wa pesa usikuzuie kumpeleka mtoto.

La nne: hakuna aliyekuwa tayari kushika baiskeli yake. Kila kikundi cha waendesha baiskeli kipatane mapema: mwenzetu akiugua, nani ataipeleka familia yake kituoni? Patano hilo halina gharama.

Dalili za hatari, ambazo hazingoji asubuhi: degedege, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kupoteza fahamu, macho ya njano, mkojo mweusi, au viganja kuwa vyeupe kwa kupungukiwa damu.

9. NYUMBANI NA KIJIWENI

Chandarua chenye dawa ndicho kinga ya kwanza. Tumeviona vyandarua vikifungia ndizi kwenye keria. Tumeviona ziwani vikivua dagaa, na bustanini vikifunika miche. Hatuwalaumu watu wenye njaa. Tunasema tu kwamba kamba ya mgomba inaweza kufunga mzigo, lakini haiwezi kumkinga mtoto usiku. Chandarua kikitoboka, kishone. Kilichochoka kabisa, uliza kwanza wahudumu wa afya kabla ya kukitumia kwa kazi nyingine. Na anayeondoka saa nane za usiku asikivute akakiacha wazi. Achomeke tena chini ya mkeka, maana watoto bado wamelala.

Kijiweni, tufanye kazi hizi kila wiki:
- Mwaga maji ya matairi na makopo, uyageuze au uyatoboe.
- Fukia mashimo madogo na alama za magurudumu zinazokaa maji. Anofelesi hazai ndani ya maji machafu ya choo. Anapenda maji madogo yenye jua, hata yale ya unyayo wa ng'ombe.
- Mashimo ya matofali yasiyotumika yachimbiwe mfereji, maji yapate kutoka.

Kwa nini kila wiki? Kwa sababu katika joto la Imbo yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba mpaka kumi na nne. Ukifanya kazi hiyo mara moja kwa mwezi, amekwisha ruka.

KUMBUKA
1. Anayekuangusha unamwona, anayekuua humwoni.
2. Katika mwendo, linda macho. Ukisimama, linda miguu.
3. Usipumzike karibu na maji wakati wa giza.
4. Joto la mwili si uchovu. Kapimwe ndani ya saa 24.
5. Chandarua ni cha kulalia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI
1. Katika njia yako ya kila siku, unasimama wapi na saa ngapi? Je, kuna maji karibu?
2. Mwenzako akishambuliwa na nyuki akiwa na mzigo wa watu, mtamwambia nini kuhusu mzigo?
3. Nani katika kikundi chenu atashika baiskeli yako siku utakapougua?
4. Usiku wa jana, nani nyumbani kwako alilala nje ya chandarua? Kwa nini?

Ambaye amesoma karatasi hii amsomee mwenzake asiyejua kusoma, halafu aibandike mahali ambapo mvua haifiki.